Kadi ya Salamu Iliyochelewa

Kiama, mwenye bucha pale Kitengela, alikuwa bingwa wa kadi za salamu. Mweke mbele ya mtu, ulimi unakuwa mzito. Mpe kadi na kalamu, atasalimu watu kutoka Rongai hadi Illasit, aitume kwa posta, na mtangazaji wa redio awasomee wote, pamoja na ujumbe wake.

Basi alipompenda Waithera, mshonaji wa Kajiado, na kumwogopa babake, alifanya alichokizoea. Alijaza kadi, akamsalimu Waithera, babake, mamake na shosho yake aliyemzaa babake, kisha akaandika: "Jumamosi hii nitafika na wazee kubisha hodi." Hiyo ilikuwa Februari, 1997.

Kadi haikusomwa. Jumamosi ikapita, ikaja nyingine, na Kiama, badala ya kupanda gari aende, akakaa kungoja redio. Mtu mzima kabisa! Waithera naye akachoka kungoja aseme neno, akaacha hata kupitia buchani.

Alhamisi moja mwezi wa tisa, Kiama akikata mbavu, mtangazaji akaisoma kadi ile yote, polepole, mpaka hiyo "Jumamosi hii". Shoka likabaki hewani. Mteja mmoja alimpa hongera kwanza, halafu alipomtazama usoni, akampa pole.

Kati ya wazee aliokuwa amewapanga, mmoja alishahamia Kimana kulima vitunguu, na mwingine walikuwa hawasemezani naye. Jumamosi Kiama alienda kwa kina Waithera peke yake na paja la mbuzi, akikusudia kuomba radhi na kutoroka. Alikuta viti vimepangwa uani, majirani wamevaa nguo za kanisa, na babake Waithera, Mzee Ndung'u, yuko ndani ya suti.

"Wazee wako wako wapi?" Mzee aliuliza.

"Hiyo kadi, Mzee... ni ya kitambo."

"Hiyo tulijua tulipoisikia redioni," Waithera alisema. "Ulisalimia shosho, na shosho tulizika Aprili. Mimi niko na swali moja tu. Bado unataka, ama ulibadilisha mawazo?"

Kiama alimtaka Waithera kuliko kitu chochote, lakini maneno yaligoma. Mwishowe akanong'ona aletewe kalamu.

"Hapa hakuna kalamu," Mzee alisema. "Sema na mdomo. Na useme kwa nguvu, mama Waithera hasikii vizuri."

Kiama akasimama, paja la mbuzi bado mkononi.

"Namtaka Waithera," akasema, sauti ikafika barabarani.

"Sasa nimekusikia," Waithera alisema, akamsogezea kiti.