Barua ya Mpishi

Benoît alinipa nafasi ya kuigiza mpishi kwa sababu, alisema, nina uso wa mtu anayenyamaza. Yeye ndiye aliyeongoza mchezo wa Jumapili jioni katika kituo chetu kidogo cha televisheni, na ndiye pia aliyeigiza mume, mwenye nyumba. Majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa na serikali, kwa hiyo akiwapo tulimwita Citoyen Directeur, yaani Mwananchi Mkurugenzi, na akigeuza mgongo tulimwita Benoît na mengine nisiyoweza kuandika. Mimi, jina langu Sikujua, kazi yangu ilikuwa kuingia na sinia na kutoka na sinia.

Watu wa Kisangani walipenda mchezo wetu kwa sababu ya barua. Mara kwa mara kulikuwa na kipindi ambacho hakuna anayezungumza. Mhusika mmoja anakaa katika chumba cha vioo chenye mikrofoni, anasoma barua aliyomwandikia mtu wa mbali, na sisi wengine chini ya taa tunaigiza bila sauti kila kinachosomwa. Barua ikisema mume amekasirika, Benoît anakasirika. Barua ikisema mvua, tunajikunyata. Na yote hayo yalikwenda hewani papo hapo, maana kanda za kurekodia hatukuwa nazo.

Mume alishapata barua yake, mke alishapata, hata shemeji mlevi alishapata, na sokoni watu wakawa wanabishana nani mwingine anastahili. Wauza samaki walimtaka mlinzi, aliyeigizwa na Nassoro, kwa kuwa mtu wa langoni huona mengi. Wauza pondu, yale majani ya muhogo, walinitaka mimi. Nikampelekea Benoît habari hiyo, akacheka.

"Batu banataka barua ya mupishi? Bon. Kuja kwangu, unielezee maisha yako, nitaandika."

Nikaenda. Nikamweleza kitu ambacho sikuwahi kumweleza mtu. Nilikuwa nikipika kwa familia moja ya watafiti kule Yangambi, na binti yangu Aziza nilimwacha Kisangani kwa bibi yake. Surua ikamshika. Habari iliponifikia nikapanda boti, boti ikaharibika njiani, nikafika wamekwisha kumzika. Nilikuwa na kikapu cha matunda kutoka bustani za majaribio, yale mekundu yenye nywele, aliyoyapenda. Nikakaa nyuma ya nyumba nikayala yote peke yangu, na mpaka leo sijui kwa nini. Benoît aliandika huku akitikisa kichwa kwa huruma.

Jumapili iliyofuata, aliyeingia chumba cha vioo alikuwa Odile, aliyeigiza mke. Akasoma habari za boti, za surua, za matunda, kana kwamba mtoto alikuwa wake. Mimi nilikuwa chini ya taa nikimmiminia Benoît chai, kwa kuwa barua ilisema mpishi alileta chai. Mwanangu yuko kinywani mwa Odile, na mimi namimina chai! Chai ikafurika kikombeni hadi kwenye sinia, na kesho yake watu wakanisifu kwamba najua kuigiza.

Hilo ningeweza kulimeza. Lakini sokoni wanawake walimzunguka Odile wakimpa pole, mmoja akampa ndizi bila malipo, na Odile akapokea. Akapokea pole ya mwanangu, akaitia kapuni pamoja na ndizi. Nilipomfuata Benoît, hakuinua hata macho.

"Mama Sikujua, fikiri kidogo. Boyesse wa kupika haandike barua. Hajue kusoma. Batu hawataamini."

"Ni mutoto wangu, Citoyen Directeur."

"C'est du théâtre, mama, ni muchezo. Sasa iko mutoto wa batu yote."

Nilimchukia kuanzia hapo, na chuki hiyo hata ilinipa usingizi mzuri. Nikaendelea kubeba sinia na kungoja.

Odile alikwenda Kinshasa harusini. Alitakiwa kurudi Jumapili asubuhi, na jioni asome barua nyingine ya mke, lakini ndege haikutua kwenye uwanja wetu wa Bangboka, na hakuna aliyejua itatua lini. Benoît alirudi kutoka uwanjani koti lake la abacost limelowa jasho. Mwanamke mwingine katika mchezo alikuwa mimi tu.

"Unajua kusoma kweli?"

"Kidogo, Citoyen Directeur."

"Alors, usome tu ile iko kwa karatasi. Polepole."

Kituoni kulikuwa na sheria moja: skrini isizimike. Iliwahi kuzimika ghafla kwa sababu ya waya mbovu, na kabla fundi hajauona waya huo, askari walikuwa mlangoni wakiuliza nani anataka kupindua nchi. Tangu siku hiyo Benoît mwenyewe alituimbia kila Jumapili: hata nyumba iungue, kamera iendelee mpaka saa ya habari.

Jioni nikaingia chumba cha vioo, taa nyekundu ikawaka. Nikaziweka karatasi zake sakafuni.

"Aziza, mutoto wangu," nikaanza, "ni miye mama yako nakuandikia, miye Sikujua mupishi. Ile barua batu walilia, ya surua na matunda, ilikuwa yako. Odile hakuzika mutoto. Kuna mwanaume aliniuliza habari yako, nikamuelezea, akakuiba."

Benoît aliganda.

"Sasa anasimama sawa mutu mwenye hasikie," nikasoma.

Akampungia mkono Assumani, mpiga kamera, akate.

"Anaomba Assumani amufiche. Lakini Assumani anaogopa kuzima." Na Assumani, sijui kwa woga au kwa raha, akamsogelea zaidi.

Kila alichofanya kiligeuka kuwa barua yangu. Akaelekea mlangoni; nikasoma kwamba mwizi anakimbia; akarudi. Mwishowe aliona njia moja tu ya kuokoka, kuigiza, labda watu watadhani ni mchezo. Nilimwona akilifikiria hilo, nikamsaidia.

"Akakaa kwa meza, akaandika." Akakaa, akaandika. "Akaficha karatasi." Akaitia ndani ya abacost. "Alors, akapiga magoti mbele ya mama wa Aziza, akaomba pardon."

Benoît alikuja hadi mbele ya kioo, akapiga magoti, akakutanisha viganja. Macho yake yalinisihi nimalizie: neno moja la msamaha, muziki, na kila mtu alale salama. Sijawahi kuona raha kama ile.

"Mama wa Aziza hakumusamehe," nikasoma. "Akamuacha pale pale."

Nikazima mikrofoni, nikajifunga kitambaa changu, nikatoka. Saa ya habari ilikuwa bado, na barua haikumwambia ainuke.

Kwenye baa ya kona televisheni iliwekwa dirishani, na watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Benoît alikuwa bado chini, jasho likimchirizika, akitupa macho pembeni kumtafuta wa kumwinua. Muuza pondu mmoja aligeuka, akanitambua, akanishika mikono yote miwili.

"Pole ya Aziza, mama."

Nikaipokea. Mwenye baa alinyoosha kidole kwenye skrini.

"Na huyu, banamuacha hivi mpaka saa ngapi?"

"Mpaka habari," nikasema, nikavuta kiti, nikakaa mbele kabisa.