Tairi Lililoshiba

Mjini Tunduma, ukimtaja Mzee Ambakisye mbele ya madereva wa zamani, watakuambia jambo moja tu: yule mzee anasikia matairi. Na hawakutanii. Alikuwa na rungu lake la mti mgumu, limelainika kwa kushikwa, na kila asubuhi kabla ya safari alizunguka lori akigonga tairi moja baada ya jingine, sikio amelitega. Tairi lililoshiba upepo hujibu ngo! Lenye njaa husema bu. Likishasema bu, tajiri mwenye lori hata apige kelele mpaka akauke koo, lori halitoki.

Hayo ni ya zamani. Siku hizi Ambakisye amestaafu malori, na yeye na mkewe Tumpale wana nyumba yao ya tela, kijumba cha bati na mbao juu ya magurudumu manne. Mafundi wa kuchomelea walikiunda vizuri mpaka wapita njia wanasimama kukitazama. Ndani mna kitanda, jiko la gesi na dirisha la kuuzia chai na maandazi. Pikapu inakivuta kutoka mnada hadi mnada, leo Msangano kwenye joto, wiki ijayo Ihanda, halafu milimani Itumba. Binti yao Atuganile ameshaolewa, basi wazee wawili wanazurura na nyumba yao nyuma kama konokono. Tumpale hakuwahi kufikiri kwamba uzeeni ndiko kulikofichwa raha.

Ila palikuwa na jambo. Masikio ya Ambakisye yalikuwa yanamwacha.

Hakusema. Mtu aliyejengewa jina na masikio yake, angeanzia wapi kusema? Alijifunza kucheka wenzake wanapocheka. Ukimuuliza chumvi iko wapi, anakuambia eti mvua itanyesha. Tumpale naye akajizoeza kusema kwa sauti ya juu huku akijifanya ndivyo alivyozaliwa, mpaka majirani wakanong'ona kwamba mama Atu siku hizi kawa mgomvi. Akawaacha wanong'one. Heri yeye aitwe mgomvi kuliko mumewe aitwe kiziwi.

Mambo yaliharibika masika yaliyopita. Walikuwa wanatoka Itumba, na kama kawaida Ambakisye akazunguka na rungu lake. Tumpale alikuwa ndani ya tela akifunga masufuria, akasikia wazi wazi: ngo, ngo, ngo, bu. Akasubiri mumewe ashtuke, arudie kugonga. Hakurudia. "Yote yameshiba, Mama Atu! Twende!" Tumpale akajiambia, wewe nawe, umeanza lini kujua matairi kuliko Ambakisye? Akapanda pikapu, akanyamaza.

Katikati ya mteremko lile tairi likapasuka. Tela likayumba, likatupa mkia pembeni, na gurudumu moja likabaki linaning'inia hewani. Chini yake vilionekana vilele vya miti, na chini ya vilele hakuna kilichoonekana. Walikaa ndani ya pikapu wameshikana mikono, wakisikiliza vikombe vikimalizia kuvunjika. Halafu Ambakisye akasema, "Barabara mbovu hii."

Walipofika nyumbani ndipo alipoamua. "Baba Atu, mimi kwenye mlima ule sipandi tena. Ama tununue kile kifaa cha kupima upepo anachokisema Atuganile, ama tela liuzwe tukae tulime mahindi." Alisema hivyo akiomba Mungu mumewe asiulize kwa nini. Maana sababu anayo, na sababu yenyewe ingemvunja mtu.

Wakaenda kwa Isaka, mwenye duka la vipuri karibu na mpaka. Isaka kawazoea Wazambia kiasi kwamba kila mteja kwake ni bamayo, yaani mama, au batata, baba, hata akiwa Mndali wa Ileje.

"Karibu batata, karibu bamayo. Vipimo vya upepo vya tela? Ninavyo." Akatandaza vyake juu ya meza. Akaeleza kwamba vile vikofia vidogo vinafungwa kwenye ncha ya kujazia upepo, kimoja kwa kila tairi, na kila kimoja kinatuma habari za tairi lake mbele kwa dereva. "Ila ncha ziwe za chuma, za mpira zitapinda. Na tela lenu ni refu, kwa hiyo mtafunga na hiki kisanduku kule nyuma, kinapokea habari na kuzirusha mbele. Bila hiki, mtakuwa mnaangalia kioo kitupu."

Tumpale akakichukua kikofia kimoja, akakiweka kiganjani. Kilikuwa chepesi kama punje ya hindi. "Hiki ndicho kinajua tairi lina upepo kiasi gani?"

"Na joto pia, bamayo. Tairi hata kabla halijakasirika, kinakuambia."

"Makubwa!" akasema Tumpale, na hakuwa anatania.

Isaka akaonyesha aina tatu. Ya kwanza inasomeka kwenye simu. Ambakisye akaisukuma pembeni hata hakuishika. "Simu ikiisha chaji, na mimi nimekwisha. Nyingine."

Ya pili ilikuwa na kioo kidogo na king'ora. Isaka akabonyeza. Lo, kilipiga ukelele mwembamba, mkali, mpaka mbwa aliyelala mlangoni akaruka akakimbia. Tumpale akaziba masikio. Ambakisye alikuwa amesimama vilevile, anatabasamu, anamtazama Isaka, anasubiri kianze kulia.

"Umekisikia, batata?"

Ambakisye akaiona midomo yake ikitembea. "Eee! Hicho ndicho! Kina sauti nzuri sana. Nifungie."

Isaka akamtazama Tumpale. Tumpale akatazama matairi yaliyoning'inizwa ukutani. Akiacha kinunuliwe kile, kitalia mlimani siku moja na mumewe atakuwa anapiga mluzi tu. Naye je, akisinzia? Na akisema, palepale dukani, mbele ya mtu baki? Jamani, mtu hamvui mumewe nguo sokoni.

Ndipo ulimi ukapata la kusema. "Hapana, Baba Atu. Mimi ndiye nitakayekaa nikikiangalia, na macho yangu siku hizi yana ukungu. Kile cha tatu, chenye king'ora na kioo kikubwa cha taa nyekundu, ndicho nitakachokiona."

Ambakisye akageuka, akamtazama kwa muda. "Macho yako?"

"Uzee, Baba Atu."

Mzee akashusha pumzi. "Basi bwana, tuchukue cha taa. Tusije tukafa kwa ajili ya macho yako."

Isaka akakohoa, akainama kutafuta mfuko.

Asubuhi ya safari walifunga vikofia, na Tumpale akakaa mbele ya kile kioo akisubiri. Namba ya kwanza ikajitokeza. Ikaja ya pili. Zilipotimia zote nne, kila moja mahali pa tairi lake, mama wa watu akajishika kifua. "Yesu wangu! Yanasema!" Maisha yake yote matairi yalikuwa yanasema na mwanaume mmoja tu, kwa rungu, kwa lugha ya siri. Leo yalikuwa yanasema naye.

Kisha jua likachomoza upande wa kulia. Walikuwa bado hawajatembea hata hatua moja, wanamalizia uji, akaona namba za kulia zinapanda. Kidogo, tena kidogo. Za kushoto, kivulini, zimetulia. Akamvuta mumewe mkono, akamwonyesha. Ambakisye akaweka kikombe chini.

"Jua limeyagusa," akasema polepole. "Upepo ukipata joto unatanuka. Hilo nalijua tangu ujana. Lakini kuliona, Mama Atu... sijawahi kuliona." Uso wake ulikuwa wa mtoto. Jua lile lile wanaloanikia maharage kila siku lilikuwa linaingia kwenye matairi yao mbele ya macho yao, na wao wawili wakakaa wakilitazama likifanya kazi, mpaka uji ukapoa.

Wakaenda Itumba, wakauza chai kwenye baridi, wakalala, wakaamka, wakageuza kurudi. Na Ambakisye, kama kawaida, alizunguka na rungu. Ngo, ngo, ngo, ngo. Safari hii Tumpale alisikiliza kila moja, tena kwa makini, na yote yalikuwa yameshiba kweli.

Mteremko ulipoanza, mumewe akaanza mluzi wake. Tumpale alikuwa ameweka macho juu ya kioo, na ndiyo maana aliona namba moja, ile ya nyuma kushoto, ikishuka. Ikashuka tena. Kabla hajafungua mdomo, kioo kizima kikawaka nyekundu, na king'ora chake kikaanza kulia pale kwenye dashibodi. Mluzi wa Ambakisye ukaendelea juu ya king'ora, wimbo mzima. Kisha macho yake yakaiona ile taa, na mluzi ukakatika. Akashika breki taratibu, kwa ustadi wake wa miaka yote, akaliegesha tela upande wa mlima. Wakasimama salama.

Akashuka na rungu. Kioo kilikuwa kimeshasema ni lipi, lakini mkono una mazoea yake. Akagonga la nyuma kushoto. Akainama, sikio karibu kabisa na mpira. Akagonga tena. Akagonga la mbele yake, akarudi kwenye lile, akagonga, akagonga. Tumpale alisimama pembeni, machozi yanamlenga.

Ambakisye akanyoosha mgongo. Akamnyooshea rungu.

"Gonga wewe, Mama Atu."

"Mimi?"

"Mimi sisikii kitu. Tangu lini, hata sijui." Akalisema akitazama barabara. "Na macho yako je, yamepona?"

Tumpale akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Jana ulitoa kijiwe kwenye mchele, mimi hata sikukiona," akasema mzee. "Nilijua palepale dukani kwamba unanisitiri. Hukuniaibisha, mke wangu. Ndaga, asante sana."

Akafunga tairi la akiba mwenyewe, hakutaka msaada. Alipomaliza kukaza nati akarudi nyuma hatua moja na kumpisha. Tumpale akashika lile rungu kwa mara ya kwanza tangu waoane, likamshangaza kwa uzito wake. Akagonga.

Ngo! Sauti ikapanda mkononi mpaka begani, safi, imejaa. Kumbe ndicho mumewe alichokuwa anakisikia miaka yote hiyo! Akabaki ameduwaa, rungu mkononi.

"Linasemaje?" akauliza Ambakisye, macho yake kwenye midomo ya mkewe.

Tumpale akavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza hakujifanya kwamba ndivyo anavyosema siku zote. Akapiga ukelele wa nguvu zake zote:

"Limeshibaaa!"

Milima ya Ileje ikaupokea, ikaurudisha, ikaurudisha tena kutoka ng'ambo ya bonde. Ambakisye akasimama ameinua kichwa, hasogei, mpaka ule wa mwisho ulipopotea. Kisha akamgeukia mkewe, uso wote umemng'aa.

"Hiyo nimeisikia," akasema.