Chembe Zilizotoroka Mshtarii

Mama yangu, Justa, alishapeleka nia ya misa ya shukrani kwa katekista kabla sijamwambia kwamba nimekosea. Jumuiya yetu nzima ya Lipangalala ilikuwa inajua: Fausta, yule anayesoma fizikia, amegundua jambo kwenye sayari ya Mshtarii. Jumapili lingetangazwa kanisani. Siku niliyoligundua kosa ilikuwa Ijumaa, nami nilikuwa na hasira ya mtu asiye na wa kumlaumu.

Kazi yangu ni kuigiza sayari kwa kompyuta. Mshtarii ina sumaku kubwa, na chembe zenye chaji zikinaswa humo huzunguka, zikienda ncha hii na kurudi ncha ile. Kwenye michoro yangu baadhi zilikuwa zinatoroka. Msimamizi wangu chuoni alifurahi mno, akaniambia niandae makala. Nami, badala ya kukagua, nikapumbazwa na rangi. Ndivyo tulivyo watu wa kompyuta, mchoro ukipendeza shaka inakwenda likizo.

Asubuhi hiyo nilipima kasi ya chembe moja tu. Ilikuwa inaongezeka. Sumaku hugeuza njia ya chembe, haiiongezei kasi hata kidogo. Nani basi aliyekuwa anaisukuma? Mimi. Umeme wetu Ifakara hukatika ovyo, na betri ya laptop yangu ilikufa zamani, kwa hiyo nilirefusha hatua za hesabu, yaani muda kati ya hesabu moja na inayofuata, ili kazi iishe kabla ya giza. Hatua ikiwa ndefu, chembe inakuwa kama baiskeli inayochelewa kukata kona: kila kona inatoka nje zaidi, mpaka inaishia kwenye majaruba ya mpunga. Nilifupisha hatua, nikarudia na chembe kumi. Hakuna hata moja iliyotoroka. Niliona aibu, lakini zaidi nilisikitika, maana nilikuwa nimeupenda ule ugunduzi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ila maradhi ya makala huweza kukaa miaka bila kuumbua mtu. Nilimwandikia msimamizi saa ile ile, kwa kuwa najijua, ningengoja jioni nisingeandika. Kisha nikamfuata mama, aliyekuwa anachambua mchele wa sherehe, nikamweleza yote. Akauliza kama yupo mtu mwingine ambaye angeliona kosa hilo. Nikasema pengine, baada ya muda mrefu.

"Na mwalimu wako umeshamwambia?"

"Nimeshamwandikia, mama."

Nilimwomba aende kwa katekista akaifute ile nia. Akauweka ungo chini, akajifunga kanga, akatoka bila kuaga. Nikajua amekasirika.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma kabisa. Katekista alisoma nia za misa, za wagonjwa, za marehemu, halafu akasoma ya kwetu.

"Justa wa Lipangalala anamshukuru Mungu kwa ajili ya binti yake Fausta, aliyekosea hesabu akasema mwenyewe."

Watu waligeuka kunitazama. Mama, kule mbele, hakugeuka.