Neno Kwenye Ripoti ya Beldina

Ripoti ya shule ya muhula wa pili, mwaka 1994, ilikuwa na neno moja tu la Kiingereza kwenye sehemu ya tabia: "timid". Nehemiah, mkata miwa wa Kabras aliyeishia darasa la tatu, alimwuliza karani wa mizani ya miwa maana yake.

"Ni mtu mwenye haya," karani akamwambia.

Nehemiah alifurahi. Jumapili ile aliwasimulia watu kanisani kwamba bintiye Beldina, wa miaka kumi na mitatu, ana haya.

Mwezi wa kumi Beldina aliumwa na tumbo. Alichota maji, akasonga ugali wa baba yake, kisha akajikunja jikoni bila kusema. Siku ya tatu alizirai kando ya kisima. Mama yake, Pascalia, alimwuliza mbona alinyamaza.

"Baba angekasirika."

Walipomfikisha hospitalini mjini, utumbo ulikuwa umeshapasuka. Alifariki asubuhi iliyofuata.

Wiki moja baada ya mazishi, mwalimu wake wa darasa, Shikanga, alileta madaftari ya Beldina. Nehemiah akamwonyesha ripoti.

"Mwalimu, neno hili uliliandika wewe. Mtoto wangu alikuwa na haya?"

Shikanga aliipokea ripoti. "Alikuwa na haya, mzee. Lakini neno hili limetoka Kilatini, ile lugha ya zamani ya mapadri. Huko asili yake ni kuogopa. Nikiinua mkono kufuta ubao, Beldina alikuwa anajikinga uso."

"Alikuwa anaogopa nani?"

Mwalimu alianza kuyapanga upya madaftari. Pascalia, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, akasema polepole, "Baba Beldina, si unajua."

Alijua. Aliikunja ripoti, akamgeukia mwalimu.

"Kwa nini hukuja kuniambia kwa Kiswahili?"

"Nilipaswa kuja," Shikanga akasema. "Niliona haya."

Jioni Nehemiah aliichoma jikoni fimbo yake ya kuchapia watoto, akamwita Nasambu, binti aliyebaki.

"Ukiumwa, uniambie. Hata ukivunja kitu, uniambie. Sitakupiga."

"Ndiyo, baba," Nasambu akajibu, macho chini.

Alimwambia tena maneno hayo mara nyingi. Ulipita mwaka mzima kabla Nasambu hajasimama mbele yake, akanong'ona kwamba jino linamuuma. Nehemiah alimbeba mgongoni hadi zahanati, ingawa binti angeweza kutembea mwenyewe, na njia nzima baba hakuweza kuzuia machozi.