Akina Nyandwi wa Mbuba

"Nyandwi," alisoma Ndassa. "Nyandwi. Nyandwi. Nyandwi tena." Kila alipolitaja jina alipiga rula ukutani, pale projekta ilipolimulika, na chokaa ikamdondokea kwenye viatu. "Watu arobaini na mmoja, jina moja, simu kumi na tisa. Febronia, mkono haukuchoka?"

Tulikuwa sita, tumesimama. Vikao vyetu vya Jumatatu vilikuwa vya kusimama, kwani bosi wetu aliamini kuwa mtu akikaa, akili nayo inakaa. Febronia, wakala wetu wa Keza na Mbuba, mama wa miaka hamsini na mbili, alikuwa amekumbatia kishikwambi chake kifuani kwa mikono miwili.

"Ni watu, bosi," alisema. "Nimefika kwao."

"Ni watu hewa. Ijumaa uniletee arobaini na mmoja wa kweli, la sivyo uniletee hicho kishikwambi." Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa kwenye kompyuta. "Josiane, futa."

Nilikuwa najua. Miaka mitatu imepita, na bado nikikumbuka kikao kile ni hilo linalonijia kwanza, kwamba nilikuwa najua. Kwetu Ngara, kwa Wahangaza na kwa sisi ambao babu zetu walivuka kutoka Burundi, mtoto wa saba kuzaliwa huitwa Nyandwi, awe wa kike au wa kiume. Hilo hatufundishwi shuleni, tunazaliwa tumelikuta. Wanne kati ya sita tuliosimama mle ndani tulilijua, na wote wanne tukatazama sakafu. Mimi ndiye niliyelijua kupita wenzangu, maana baba yangu mzazi, Celestini kwa jina la ubatizo, hakuna anayemwita Celestini kule Mbuba. Ni Nyandwi. Shuleni niliandikishwa Josiane Celestini, na Ndassa alinijua kwa jina hilo tu.

Nikafuta. Kazi yenyewe haikumaliza hata dakika moja.

Nisimwonee Ndassa. Kabla hajaja, kampuni yetu ilikuwa inajifia taratibu kwa upole. Huduma tuliyotoa haikuwa na maajabu: mkulima anaandikishwa, lori la mnunuzi wa maharage likikaribia kijijini kwake anapata ujumbe kwenye simu, na akifika kwenye mizani jina lake linakuwa kwenye orodha. Bosi wa kwanza alikuwa mtu wa watu. Kosa likitokea tulilizungumza kwa chai na maandazi, na kesho yake tukalirudia lile lile. Ndassa akatoka Mwanza kwa kupitia Dar es Salaam, akaja na moto. Alitusimulia habari za mabosi wakubwa wa teknolojia huko ng'ambo, wanaolala ofisini na kufukuza watu kwa barua ya mstari mmoja, akasema hakuna programu iliyowahi kujengwa kwa kubembelezana. Katika miezi mitatu wakulima kwenye orodha waliongezeka mara tatu. Tulimwogopa, na jioni tukiwa peke yetu tulijisifu kuwa tuko chini yake.

Ili kazi iende mbio, aliagiza tuondoe kwenye fomu nafasi ya jina la pili na ya kitongoji. Jina moja, namba ya simu, anayefuata. Habonimana, aliyekaa meza iliyopakana na yangu na aliyeijua ile programu kuliko sisi sote, alisema kikaoni kuwa jina moja halitoshi na litatuletea balaa. Ndassa akamuuliza kama amekuja kufanya kazi au kubishana. Kabla ya saa sita mchana meza yake ilikuwa tupu. Tangu siku hiyo ofisi ikatulia kabisa. Ndassa aliupenda utulivu ule, akauita nidhamu.

Jumanne Febronia alinikuta kwenye ngazi. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama bila hasira, na hilo likaniumiza zaidi.

"Mwanangu, baba yako nilimwandika kwa mkono wangu," alisema. "Mama yako alikuwa ameniletea ndizi na maharage, nikaandika huku nakula."

"Nisamehe, mama."

"Mimi ningeeleza, angeona najitetea tu. Sikutaka unigombee. Ungetaja jina la baba yako tu."

Akashuka zake, nikasikia pikipiki yake ikiondoka. Nilijifungia chooni nikalia kwa aibu. Lakini sikwenda kwa Ndassa. Kazi za kompyuta Ngara si za kuokota. Nilikuwa nimezitafuta miaka miwili nikiwa na cheti changu kwenye bahasha, na kila nilipofungua mdomo siku ile niliiona meza ya Habonimana.

Alhamisi lori lilifika Mbuba. Ndassa alitaka kulishuhudia mwenyewe, akanichukua nikashike orodha. Ilikuwa Juni, maharage yamekwisha kupurwa, vumbi limekaa hadi kwenye kope. Ilipofika saa nne watu walikuwa wamegawanyika makundi mawili. Wenye majina walikuwa kwenye mizani, wanataniana. Wasio na majina walisimama pembeni, kwenye kivuli cha ghala, watu ishirini na watatu na magunia yao. Ujumbe wa simu hawakuupata, lakini majirani zao waliupata, na Mbuba habari haingoji simu.

"Hawa ndio wanaojileta bila kuandikishwa," alisema Ndassa. Akaenda na daftari lake, mimi nyuma.

"Jina?"

"Nyandwi," alijibu mzee wa kwanza.

"Wewe bibi?"

"Nyandwi."

"Wewe?"

"Nyandwi mimi, wa kule kisimani."

Mtu mmoja kwenye mizani akacheka. Mshipa wa shingo ya Ndassa ukasimama. "Mnanifanyia mzaha?" aliuliza, na hakuna aliyeelewa mzaha uko wapi. Wa nne alikuwa baba yangu, ameshika baiskeli yenye gunia.

Alikuwa ameniona tangu tulipofika, nami nilimwona. Kwetu mtoto hampiti baba yake bila kumwamkia, hata awe waziri. Mimi nilikuwa nimezunguka upande wa pili wa lori. Sasa tulikuwa uso kwa uso, na kabla sijafungua mdomo baba alivua kofia, akainamisha kichwa kidogo.

"Habari za kazi, afisa," akaniambia.

Nilielewa palepale. Febronia alikuwa amemweleza kila kitu. Mzee wangu alikuwa amekubali kuwa mtu hewa, na kurudi nyumbani na gunia lake, ili mimi nibaki na kazi. Sijapata kupendwa kiasi kile, wala kujichukia kiasi kile.

"Jina, mzee?" aliuliza Ndassa.

Baba akasita, akatazama gurudumu la baiskeli.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Nililisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Watu wa kwenye mizani wakageuka.

"Marahaba, mwanangu," alijibu baba, polepole.

Ndassa alinitazama, akamtazama baba, akanirudia. "Huyu ni baba yako?"

"Ndiyo, bosi. Ni mtoto wa saba kwao. Hapa mtoto wa saba anaitwa Nyandwi. Hawa wote ni wa saba, kila mmoja kwao. Na simu wanazotumia ni za nyumba nzima, nyingine za jirani."

"Jumatatu ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukusema?"

Sikuwa nimeliandaa jibu. Lilikuja lenyewe. "Habonimana alisema."

Nilitegemea anifukuze mbele ya baba yangu. Ndassa alifunga daftari. Akautazama ule mstari wa watu ishirini na watatu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehesabu upya. Kisha akamwambia mpima mizani, "Wapimie wote," akaenda kukaa juu ya gunia la mtu, yeye ambaye sikuwahi kumwona amekaa saa za kazi. Bibi Nyandwi akamletea maji kwenye kikombe cha bati, naye akayanywa yote.

Ijumaa Febronia alikuja ofisini kama alivyoagizwa, akakiweka kishikwambi mezani, kimefutwa vumbi. Ndassa alimwomba radhi palepale, mlango umefungwa. Febronia alikataa.

"Mimi uliniita mwongo mbele ya watu, bosi."

Basi Jumatatu Ndassa alilisema mbele yetu wote, na tuseme ukweli, hakulisema vizuri. Alisema amekosea, akasema mama Febronia hakudanganya, akatafuta maneno mengine akayakosa, akatufukuza tukafanye kazi. Febronia akachukua kishikwambi chake. Wiki mbili zilizofuata alimtembeza Ndassa kwa miguu, Mbuba hadi Keza, akawaandike upya wote arobaini na mmoja kwa majina kamili. Bosi alirudi amebabuka pua, na mkungu mzima wa ndizi aliopewa.

Habonimana hakurudi. Nilitumwa nimpigie, nikampata Biharamulo, ana kibanda chake cha kutengeneza simu na mitambo ya sola. Alinisikiliza hadi mwisho, akakataa kwa adabu. "Mwambie namshukuru," alisema. "Hapa mteja akinikalia kooni, jioni anaondoka." Hilo hatujalirekebisha, na nadhani halirekebishiki.

Watu wa kazi yetu hupenda kuniuliza kama bosi mkali bado anafaa kwenye teknolojia, maana wanajua nimekaa na mmoja. Nawajibu kuwa kwa miezi mitatu anafaa sana, taabu ni mwezi wa nne. Ndassa mwenyewe hajageuka malaika. Bado anaufokea mtandao ukikatika, na bado ananifokea mimi. Ila mimi nimeridhika, tena sana, na niseme kwa nini.

Septemba iliyopita alitutangazia kuwa tunaingia Biharamulo, na kwamba tutaandikisha wakulima elfu mbili kwa mwezi mmoja. Alikuwa ameshaandika tarehe ubaoni.

"Hapana, bosi," alisema Febronia. "Hapo umekosea."

Mshipa ukasimama. Ule ule, upande ule ule wa shingo. Niliwaona wenzangu wanatafuta sakafu ilipo. Ndassa akavuta daftari.

"Haya, mama. Tueleze."

Febronia hakuharakishwa. Alieleza msimu wa kupanda, nani atakuwa shambani na nani nyumbani, na vijiji ambavyo mtu akija na haraka zake anafungiwa mlango. Ilichukua karibu nusu saa. Ndassa aliandika kurasa mbili, akafuta tarehe yake ubaoni, akauliza kama kuna mwingine mwenye la kusema.

Nikanyoosha mkono.