Paspoti ya Kumwona Mama

Kwao alikuwa anaitwa Nesi, na jina hilo hakupewa kwa utani. Alikuwa nesi kweli, wa wodi ya wanaume katika hospitali ya mkoa, mwenye mkono mwepesi wa kutafuta mshipa hata kwa mgonjwa aliyekauka kama ukuni. Mtaa mzima ulimgongea mlango kwa homa za watoto na vidonda vya wazee, hadi jina alilopewa na baba yake likasahaulika.

Huku ugenini hakuna aliyemwita hivyo. Alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, ghorofa ya chini, mahali pasipo na dirisha. Kazi yake ilikuwa kulisha mashuka kwenye mashine ya kupigia pasi, yeye ncha hii na mwenzake ncha ile, mvuke ukiwapiga usoni tangu asubuhi. Akirudi chumbani kwake alikuwa ananuka sabuni kiasi kwamba hata chai aliiona ina povu.

Alichokimbia kilikuwa hiki. Siku moja ya maandamano, vijana waliopigwa risasi waliletwa wodini kwake. Kabla jua halijatua wakaja watu wenye silaha, wakawang'oa vitandani, wengine dripu zikiwa bado mkononi. Yeye na daktari wa wodi wakakubaliana kusema walichokiona. Walisema redioni, kwa majina yao kamili. Daktari alichukuliwa nyumbani kwake wiki ile ile, na mpaka leo mkewe hajaonyeshwa hata kaburi. Nesi alivuka mpaka na mkoba wa mkononi tu.

Nchi iliyompokea ilimhoji mpaka habari yake mwenyewe ikamchosha, kisha ikampa hifadhi. Akapata kibali cha kuishi na hati ya kusafiria ya mkimbizi. Hati hiyo iliandikwa ndani kwamba inamruhusu kwenda nchi zote isipokuwa moja. Na hiyo moja ndimo alimokuwa mama.

Mama alikuwa mgonjwa wa figo. Alikaa katika nyumba aliyoijenga marehemu baba, na baba mwenyewe alizikwa nyuma yake, karibu na ukuta. Watoto walikuwa wawili tu: Nesi, na kaka yake mkubwa ambaye tangu utotoni aliitwa Bosi, kwa sababu ya kupenda kutuma wenzake. Bosi ndiye aliyekuwa akimpeleka mama hospitali, na ndiye aliyekuwa akipiga simu.

"Mama hali si nzuri," alisema siku moja. "Anakuulizia wewe tu. Zungumza naye."

Sauti ya mama ikaja, nyembamba, imekatika katikati. "Mwanangu, njoo nikuone kwa macho haya haya. Ukija nimeshafukiwa, utakuwa umekuja kumwona nani?"

Bosi akachukua simu.

"Sikiliza, mdogo wangu. Nenda ubalozini ukahuishe paspoti yako. Ile ya zamani imeisha, haifai kitu."

"Kaka, mimi nina hifadhi huku. Siwezi kwenda kuwabishia hodi."

"Wewe unaogopa kivuli. Mawaziri karibu wote wapya. Nani wa kukumbuka kinesi kimoja kilichopiga domo redioni? Au mama akifa utasema ulikuwa unaogopa?"

Kesho yake kazini akamweleza Mama Shuka, mwanamke mzee aliyekuwa mwenzake wa kwenye mashine, mkimbizi wa nchi nyingine aliyejifunzia Kiswahili kambini. Jina la Mama Shuka alipewa na wenzake kwa sababu hakuna aliyejua kukunja shuka kama yeye. Kwanza alifanya mzaha.

"Kutwa nzima unapiga pasi, bado unataka nyingine?" Kisha akaacha kucheka. "Hebu jisikilize. Uliwaambia watu wa huku kwamba wale wanakuwinda. Leo uwaendee na picha zako ndogo, uwaombe kitabu?"

"Ni kwa ajili ya mama."

"Najua. Lakini wewe ndiye mwenye mama. Karatasi haina mama."

Nesi hakulala vizuri siku kadhaa. Mwishowe akapiga moyo konde, akaomba ruhusa kazini, akaenda.

Ubalozi wenyewe ulikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la makochi. Alipanda ngazi. Alijiandaa kukaripiwa. Alijiandaa hata kukamatwa. Jambo ambalo hakujiandaa nalo ni kupokelewa vizuri.

"Karibu, dada! Pole na baridi," alisema afisa wa dirishani, mwanamume wa makamo mwenye sweta. Akamtolea kiti. "Umetokea wapi kule nyumbani?"

Nesi akamtajia mji wao. "Nyuma ya hospitali ya mkoa."

"Acha wewe! Shangazi yangu anakaa kule kule, karibu na mashine ya kusaga. Kumbe sisi ni ndugu."

Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu amuulize Nesi kwao wapi na akapajua. Machozi yakamlenga, akajichukia kwa machozi hayo. Juu ya kichwa cha afisa ilining'inia picha ya mkuu wa nchi, yule yule, akitabasamu.

Afisa akaomba kibali chake cha kuishi. Akakigeuza, akakisoma, akakirudisha taratibu kwenye meza.

"Aa. Wewe ni wa hifadhi."

Nesi akakichukua kibali, akakirudisha mkobani.

"Hamna shida, dada. Wengi wanakuja. Ila wa hifadhi wana utaratibu wao kidogo." Akasukuma karatasi nyeupe na kalamu. "Andika tu kwamba uliondoka kwa hiari yako kutafuta maisha, na kwamba nchini hukupata tatizo lolote. Halafu tia sahihi."

"Lakini si kweli."

"Kweli, si kweli, mimi siulizi. Unataka kumwona mama yako au hutaki?"

Hakuwa amepandisha sauti. Nesi alishika kalamu. Alimkumbuka daktari wa wodi, jinsi alivyovaa tai siku ile ya redioni ingawa redioni mtu haonekani, kwa sababu alisema jambo zito lazima alivalie. Kisha akaandika. Aliandika kwamba hakukuwa na tatizo lolote. Akatia sahihi.

"Safi," alisema afisa, akaikunja karatasi. "Sasa umerudi nyumbani."

Paspoti ilipotoka, Bosi alifurahi kupita kiasi. "Nipigie picha ukurasa wenye sura yako, nimwonyeshe mama atulie. Na sahihi ionekane vizuri, usiikate."

Akapiga picha, akatuma. Mama alionyeshwa kweli. Alisikika kwenye simu akipiga kigelegele kidogo kilichoishia kwenye kikohozi. Nesi akaomba likizo kazini, akaanza kununua vitu vidogo vidogo: soksi za sufu, chupi laini za mgonjwa, mafuta ya kukandia miguu iliyovimba.

Bahati mbaya, muda wa kibali chake cha kuishi ulikuwa unakaribia kwisha. Alikwenda idara ya uhamiaji kukiongeza kabla ya safari. Binti wa mapokezi akamwambia atoe vitambulisho vyote alivyo navyo. Nesi angeweza kuiacha paspoti ndani ya mkoba. Lakini katika ofisi ile ukweli ndio uliomwokoa, na alikuwa amezoea kuwaambia ukweli. Akaitoa, akaiweka juu ya kaunta. Binti akaitazama, akasimama, akaingia ndani nayo.

Baada ya wiki chache aliitwa kwenye mahojiano. Chumba kilikuwa na meza, jagi la maji na mkalimani kijana aliyekuwa akimtazama kwa huruma. Ofisa wa uhamiaji, mwanamke mwenye miwani, alikuwa mpole pia. Nesi alikuwa ameshaanza kuuogopa upole.

"Ulikwenda mwenyewe ubalozini? Hukulazimishwa?"

"Nilikwenda mwenyewe. Mama yangu ni mgonjwa."

"Ulikusudia kusafiri kwenda huko?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo huogopi tena."

"Naogopa."

"Lakini ungekwenda."

"Ningekwenda huku naogopa."

Mkalimani alisita kidogo kabla ya kulitafsiri hilo. Ofisa akaandika.

"Walikutaka uandike chochote?"

Hapo tena Nesi angeweza kusema hapana. Akasema ndiyo, akaeleza alichoandika.

"Basi umesema mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja. Kwetu ulisema uliteswa na hofu, kwao ukasema hukuwa na tatizo. Ulidanganya wapi?"

"Kule."

"Na sisi tutajuaje?"

Angewaambiaje? Shahidi wake mmoja alikuwa hajulikani aliko, na wengine walikuwa wamebebwa kutoka vitandani.

Uamuzi ulikuja kwa lugha ya adabu: kwa kuwa amejirudisha mwenyewe chini ya ulinzi wa serikali yake, hahitaji ulinzi wa nchi hii. Hifadhi imeondolewa. Wakili wa msaada wa kisheria, kijana mwenye mafaili mengi kuliko meza, akakata rufaa na kumwonya. "Usisafiri. Ukitoka tu, kesi imekufa na hutaruhusiwa kuingia tena. Na kule umewaandikia mwenyewe kwamba huna la kulalamikia. Wakikushika, utamlilia nani?"

Basi paspoti iliyoombwa kwa ajili ya safari ikawa ndiyo iliyozuia safari.

Alimpigia Bosi kumweleza. Simu ikaita bila kupokelewa, siku hiyo na siku zilizofuata. Mwisho akampigia jirani yao wa siku nyingi, mama mmoja mshonaji.

"Mama yako?" alisema mshonaji. "Hayuko hapa tena, mwanangu. Kwani hukuambiwa? Nyumba si imeuzwa! Tunaambiwa na wewe uliweka sahihi. Wamiliki wapya wameshabomoa jiko."

Nesi alikaa chini, palepale kwenye korido ya kiwanda, kati ya vikapu vya mashuka machafu. Mama Shuka akamkimbilia na glasi ya maji akidhani ameanguka.

Bosi alipatikana kwa simu ya mkewe.

"Umeuza nyumba ya baba," Nesi alisema.

"Taratibu. Matibabu ya mama yanatoka wapi, unadhani? Nyumba ilikuwa kwa majina yetu wawili, na mwanasheria alikataa paspoti yako iliyokwisha. Ningefanyaje?"

"Kwa hiyo ulinituma ubalozini kwa ajili hiyo."

"Nilikutuma kwa ajili ya mama. Hilo la nyumba lilijitokeza tu."

"Na sahihi yangu?"

"Nimeandika mimi. Si ni ile ile? Kwani wewe ungerudi kukaa hapa?"

"Mama yuko wapi?"

"Kwangu. Ana chumba chake."

Chumba chake kilikuwa stoo. Wifi yake, mke wa Bosi, alikuja kumwambia hivyo baadaye kwa simu, kwa kunong'ona, maana alimwonea mzee huruma. Waliondoa magunia wakaweka godoro. Mama hakujua kwamba nyumba imeuzwa. Aliambiwa inakarabatiwa ili binti yake akija akute pazuri. Na kila simu ya Nesi ilipopokelewa, mzee aliuliza swali moja: "Umeshafika? Uko uwanjani?"

"Bado, mama."

"Basi usichelewe. Hawa watu wa ndege watatuzidishia nauli."

Nesi hakumwambia. Alijikaza, akaongopa kwa mara ya pili maishani, na safari hii aliongopa vizuri.

Mama alifariki siku ya kazi, mchana, Nesi akiwa amesimama kwenye mashine. Wifi yake ndiye aliyepiga. Mazishi aliyasikia kwa simu iliyowekwa mfukoni mwa mtu: miguu mingi, koleo, kishindo cha udongo, mtoto akilia njaa. Alitaka mama alazwe nyuma ya nyumba, kando ya baba. Mwenye nyumba mpya alikataa, akasema hakununua makaburi. Mama alizikwa peke yake, upande wa pili wa mji.

Rufaa nayo ilishindwa. Hawakumfukuza nchini moja kwa moja. Walimpa karatasi ya muda mfupi ya kungoja, isiyoruhusu kazi. Kiwandani wakampa mkono wa kwaheri. Mama Shuka alimpeleka akalale kwake, sebuleni, na kwa siku nyingi hakumwuliza neno. Siku moja tu alimwona ameshika tama, akasema, "Lia basi, hata kidogo. Unanitisha." Nesi akasema atalia akijua aanze na lipi.

Wakati mvua za mwaka ule zimekwisha, Bosi alipiga simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa changamfu kama ya mtu asiyedaiwa neno. Alimpa pole za msiba kana kwamba msiba ulikuwa wa jirani. Akasifu jinsi wageni walivyojaa. Kisha akafikia lililomfanya apige simu.

"Sasa mdogo wangu, mwanangu wa kwanza amemaliza shule. Hapa hakuna maisha, unajua mwenyewe. Hebu mfanyie barua ya mwaliko huko uliko. Wewe unawajua watu wa uhamiaji, njia zote unazifahamu."

Nesi alicheka. Kicheko kilimtoka kibaya, Mama Shuka akachungulia kutoka jikoni.

"Kaka, unajua mimi sasa nalala kwenye kochi la mtu?"

"Utapata tu, mbona wewe ni mpambanaji. Nimwambie nini mtoto?"

"Mwambie abaki akamng'olee bibi yake majani kaburini. Mimi siwezi kwenda, na wewe hutaki."

"Mimi sitaki? Mimi ndiye niliyemzika!"

"Ndiyo," alisema Nesi. "Wewe ndiye uliyemzika."

Akaizima simu, akaenda jikoni kumsaidia Mama Shuka kumenya vitunguu. Mama Shuka aliyaona machozi yake, akasogeza bakuli karibu, wala hakusema ni ya vitunguu.