Kelele za Nyuma

Jumamosi asubuhi Arlène alikuwa mlangoni akishona sare za kwaya, na mume wake Wilondja alikuwa kitandani na kompyuta mapajani, akisafisha sauti. Siku za kazi aliwafundisha vijana wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, kuandika programu. Jumamosi aliandika zake mwenyewe, za kujifurahisha. Alikuwa nayo moja ya kumwambia Arlène kitenge kitatoa sketi ngapi, na nyingine iliyopiga ngoma ya Fizi, kule Kongo, kila maji yalipofika bombani. Arlène hakuitumia hata moja. Kitenge alikipima kwa mkono, na habari za maji alizipata kwa ndoo za majirani.

Programu iliyopendwa na watu iliitwa Safisha. Ukiipa ujumbe wa sauti, ilibakiza ile sauti iliyokuwa karibu zaidi na simu na kutupa mengine yote ya nyuma. Watu walimletea sauti za ndugu zao waliobaki Kongo, naye aliwarudishia zikiwa safi, bure, kwa raha yake tu. Kelele zilizotolewa zilibaki chumbani, kwa kuwa kelele nazo lazima zikae mahali. Jogoo wa Kindu aliwika chini ya kitanda. Juu ya kabati kulikuwa na pikipiki iliyokataa kuwaka. Mama Mauwa, jirani muuza dagaa, alikuja kila alasiri na kigoda chake kusikiliza mvua ya uani kwa mama yake, kisha akarudi sokoni. Kiongozi wa mtaa alifika mara moja kuomba milio ya risasi isisikike wakati wa ibada, na Wilondja akaifunika kwa sufuria.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi simu ya Wilondja ililia. Alikuwa Fabien, Mkongomani mwenzao aliyekuwa na studio ndogo ya kurekodi kwaya kule Mtandire, pembezoni mwa Lilongwe.

"Wilondja, kuya ubebe muzee wako," Fabien alisema. "Iko nakohoa ndani ya studio. Chorale zote anaziharibisha."

"Muzee gani?"

"Sijue. Lakini anakuita jina."

Wilondja alikumbuka. Masika ya mwaka uliopita alikwenda kwa Fabien kujisifu kuhusu Safisha. Alihitaji mfano wa kumwonyesha, na wakati huohuo ujumbe wa mama yake, Véronique, ukaingia kutoka Uvira. Hakuusikiliza kwanza. Aliutia kwenye programu, akageuza kompyuta, akamwonyesha Fabien kwa kidole mistari iliyorukaruka chini ya sauti ya mama.

"Hii yote ni takataka," alisema. "Angalia sasa."

Alibonyeza, na mama akabaki peke yake, kila neno wazi. Alisema wote ni wazima, papa pia ni mzima, asihangaike. Fabien alipiga makofi. Kompyuta ilikuwa imejaa, kwa hiyo Wilondja alihifadhi ujumbe safi juu ya ule wa kwanza, na ule wa kwanza ukapotea. Hakupiga simu nyumbani, maana wote walikuwa wazima. Kabla ya Jumapili baba yake, Mzee Delphin, alikuwa amezikwa.

Wilondja aliomba kibali cha kutoka kambini, akakipata, akaenda Mtandire na ndoo yenye mfuniko.

Baba yake alikuwa kwenye kona ya studio, nyuma ya ngoma, sauti tupu. Alikohoa kwa muda mrefu, akatafuta pumzi, kisha akasema, "Véro, unasema bongo, unadanganya. Ambia mutoto sisimami tena. Anipigie leo, Wilondja. Leo tu." Halafu akaanza tena kukohoa, kikohozi kilekile.

Wilondja aliketi sakafuni katikati ya nyaya. Alimsikiliza baba yake mpaka kwaya ya mchana ilipofika na kusimama mlangoni ikisubiri zamu yake. Majuto ni mjukuu, wanasema watu. Huyu wa Wilondja alikuwa amekwisha kukua, na alikuwa na sauti ya babu.

"Siku ile nilisikia mutu," Fabien alisema, akimsaidia kufunga ndoo. "Nilizania njo radio ya jirani, mpaka juzi nilisikia jina yako. Pole, ndugu."

Njiani kurudi kambini kwa barabara ya Dowa, kwenye kizuizi, askari aliuliza ni nani anakohoa ndani ya ndoo. Wilondja alijibu kwamba ni baba yake. Askari akaomba kibali cha baba. Kibali kilikuwa kimoja, chenye jina moja. Askari alifungua mfuniko, akasikiliza mpaka mwisho, akamwita mwenzake, wakakubaliana kwamba mkimbizi asiye na kibali hurudishwa kambini mara moja. Kwa kuwa ndoo ilikuwa inaelekea hukohuko, alisema zikomo, yaani asante, akawaruhusu wapite. Alipokuwa hai, Mzee Delphin alitamani sana kuja kumwona mwanawe, na karatasi hazikupatikana. Safari hii alisindikizwa na serikali.

Nyumbani walimweka kwenye kona karibu na madumu ya maji. Arlène aliacha cherehani, akasimama kwa adabu.

"Karibu, papa," alisema.

Mzee akakohoa.

Wilondja alipiga magoti kwenye ile kona. "Papa, ni mimi. Niko napiga. Niko hapa."

"Anipigie leo," baba alisema, kwa mtu mwingine, kwa siku nyingine.

Aliandika programu ya kupeleka sauti ndani ya kelele. Akaandika nyingine iliyoita kama simu ya zamani ya baba yake, mlio uleule. Hakuna iliyofaa. Kelele hutoka tu, haziingii.

"Muache," Arlène alimwambia. "Hana masikio. Iko na kinywa tu." Wilondja alilia mbele yake bila kujificha.

Jumamosi iliyofuata mama alituma ujumbe, sisi wote wazima, na ninyi? Wilondja alijibu kwamba wao pia ni wazima. Kikohozi kilipita nyuma ya sauti yake. Jibu la Véronique lilikuja upesi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka.

"Wilondja, nani njo anakohoa pale kwako?"

Angeweza kumwambia. Ila mama alikuwa amekaa karibu na kitanda cha baba, aliyasikia yale maneno, na bado alisema papa ni mzima, ili mtoto asihangaike bure ugenini asikoweza kutoka. Kumwambia kungekuwa kumhukumu. Na Wilondja mwenyewe aliyaita takataka.

"Ni jirani, mama," alisema.

Tangu siku hiyo husafisha kila ujumbe kabla ya kuutuma Uvira. Mama husikia sauti ya mwanawe peke yake, na haulizi tena. Kikohozi kinachotolewa kwenye ujumbe hubaki chumbani pamoja na kile cha kwanza, kwa hiyo kila Jumamosi baba mmoja huongezeka kwenye kona. Sasa wako wengi, hawakohoi kwa pamoja, na wote wanaomba wapigiwe leo. Arlène ameihamishia cherehani nje, kwa sababu ndani hakuna tena nafasi.